Udongo wa Kukaanga

Élisabethville, Cité ya Kenya, tarehe 22 mwezi wa ine 1951

Laurentine bibi yangu,

Vuta kiti kwanza. Mwite na jirani yako Albertine, aache samaki zake kidogo aje kusikia, juu hii barua haiko ya muntu wa bure. Uliolewa na muntu wa sayansi.

Usicheke. Miaka mbili na nusu nakuandikia "kazi iko, kazi iko muzuri," nawe hukuuliza kazi gani. Labda ulifikiri nasukuma toroli mu mine ya shaba sawa bengine. Hapana. Bwana Docteur Delvigne, muzungu mwenye ndevu ya rangi ya mahindi, anatafuta majani yote ya Katanga, anayakausha, anayaandika majina. Mukono wake wa kuume ni mimi. Wa kushoto pia. Yeye anaonyesha na fimbo, mi nachimba, natikisa udongo, nalaza jani mu gazeti ya zamani, naifunga kati ya mbao mbili na mukaba, kisha nakaa juu. Gazeti nabadilisha kila siku mpaka jani inakauka sawa hostia. Mpaka leo tumelaza majani elfu tatu mia ine. Bantu ba Bulaya hawawezi kujua Katanga inavaa nini kama Godefroid hakuikalia kwanza.

Sikiliza sayansi sasa. Kila kintu yenye uzima iko na famille, ndani ya famille kuna genre, ndani ya genre kuna espèce. Ni kusema kabila, nyumba, na jina ya mutoto mwenyewe, yote mu Kilatini sawa misa. Muhogo na ule muti wa mupira ni kabila moja, ulijua? Vunja shina, zote mbili zinatoa maziwa. Kiazi ya Bulaya na tumbako, vilevile ndugu: moja inashibisha muntu, ingine inamukohoza.

Lakini kubwa yao yote ni ua moja kidogo, ya zambarau, haifiki hata pa goti. Inaota mahali kwenye udongo umejaa shaba, mahali muti umekataa, nyasi imekataa. Wazee ba kale waliokuwa wakiyeyusha shaba mbele ya bazungu kufika, walikuwa wanaifuata ile ua, wanachimba chini yake. Ndani ya bahasha nimekuwekea mbegu yake. Ni sawa vumbi, usipige chafya. Panda. Nilimuambia Bwana Docteur: hii ua tutaipa jina ya bibi yangu, Laurentina. Alikubali palepale. Bantu ba miwani watakusoma mu Bruxelles.

Siku ya Mungu napanda kilima nyuma ya Cité, naangalia upande wa kwenu. Haionekani kintu, ni moshi ya fabrike tu. Naangalia vilevile. Juzi mu soko mama moja alipita na kikapo cha samaki mukavu, nikamufuata mpaka akageuka: "Baba, unataka nini?" Nikasema: "Kunusa tu."

Bwana yako wa sayansi,
Godefroid

*

Pweto, tarehe 14 mwezi wa tano 1951

Baba Kabwe,

Barua yako ilinikuta pa uchanja, moto unawaka, samaki juu. Niliifungua na mikono ya mafuta, na upepo ukachukua nusu ya mbegu zako. Usilie. Nusu ya pili niliipanda mahali tatu: mu shamba ya muhogo, nyuma ya jiko, na pale unajua. Zingine kumi nilifunga mu kitambaa.

Albertine alisikiliza yote, mukono ku shavu. Akasema: "Elfu tatu mia ine, na zote alizikalia? Masikini majani."

Weye unifundishe mimi kabila na nyumba? Natenganisha samaki tangu niko na miaka saba. Samaki inayoitwa pale iko na moto wake, mpumbu iko na moto wake, kambale vilevile. Uzichanganye, moja inaungua, ingine inaoza ndani. Sikuandika Kilatini, lakini sikukosea. Sasa umuulize Bwana wako: nsompo, ile samaki inayopumua hewa sawa muntu, ambayo maji ikikauka inaingia mu matope, inajifungia mu nyumba ya udongo, haili, haisemi, haionekani, ataiweka mu kabila gani? Sisi hapa tunajua moja. Imejifungia mu Élisabethville.

Neno yenyewe ya barua ni hii. Nywele yangu haijanyolewa. Unajua desturi yetu: mutoto akifa, baba na mama bananyolewa siku moja, pa mukeka moja, njo kilio inaisha. Weye uliondoka siku ya tisa. Nimebaki na nywele ya kilio tangu ile siku, imekuwa kiota. Siimbi kanisani. Siitwi harusini. Pa kisima bananipisha nichote wa kwanza, na hakuna anayenitania. Nilikuwa muntu wa kutaniwa, Godefroid.

Mujomba wangu Kasonde amesema: mvua ya kwanza ikianguka na baba ya mutoto hajafika, yeye atakamata wembe mwenyewe. Na mama akinyolewa peke yake, familia inahesabu ndoa imeisha pamoja na kilio. Padri atakataa, lakini padri haishi mu nyumba yetu. Sikuomba hivyo. Lakini nitakaa pa mukeka, juu nimechoka.

Huu ni mwezi wa tano. Mvua unajua inakuja lini.

Laurentine, Mama Kabwe

*

Élisabethville, tarehe 2 mwezi wa sita 1951

Laurentine wangu mwenye ulimi,

Nilimuuliza Bwana Docteur habari ya nsompo. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akashusha kitabu, tukapoteza siku tatu. Anasema ile samaki ni muzee kuliko nyoka, muzee kuliko ndege. Basi ulifikiri unanitukana, kumbe unanipa heshima. Asante.

Mi naendelea na sayansi hata saa ya mapumziko. Nimepanga bantu bote ba avenue yetu. Famille ya makarani iko na espèce mbili: ile inayobeba kalamu mu mufuko, na ile inayobeba kifuniko cha kalamu tu. Famille ya balevi iko mbili vilevile, ya siku ya mushahara na ya siku zote. Symphorien, tunayefanya kazi pamoja, akaniuliza: "Na weye mwenyewe?" Kabla sijajibu, akasema: "Usisumbuke. Kasuku."

Juu ya ile neno ya wembe: Mujomba Kasonde alikuwa muntu wa haraka tangu zamani, hata ku misa anasema Amina kabla ya padri. Mvua iko mbali. Na kazi siwezi kuacha, bibi. Mi nikitoka wiki moja, gazeti hazibadilishwi, majani yanaota ukungu, Bulaya yote inalala na njaa ya sayansi.

Lakini niko na shauri. Kuja weye huku! Nyumba iko, mulango iko na kufuli, maji ya bomba ni hatua makumi sita. Utanyolewa hapa. Clément, kinyozi wa avenue yetu, ananyoa pole sana, unasinzia. Tutakaa pa mukeka huku huku, mimi nawe, na nitakupikia mwenyewe, utaona maajabu. Nyumba hii iko na viti mbili. Kimoja bado kipya, hakijakaliwa na muntu.

Godefroid, mukono wa kuume

*

Pweto, tarehe 28 mwezi wa sita 1951

Baba Kabwe,

Mbegu zako ziliota. Mahali pote tatu, kijani, majani mbili mbili. Nilifurahi, nakuambia kweli. Siku ya kumi shina ikageuka nyeusi pale inagusa udongo, ua ikalala. Kesho yake ingine. Sasa hakuna hata moja. Na udongo wetu unaujua, hata fimbo ya kuongozea mbuzi ukiisahau chini inatoa majani.

Unasema nije huko kwako. Nimuache Kabwe na nani?

Nimesoma tena barua zako zote, ziko kumi na tatu. Hakuna hata moja iko na jina yake. Unajua jina ya majani elfu tatu, moja moja, mu Kilatini. Mutoto alikuwa moja. Kabwe. Andika, uone kama mukono itakauka.

Ile mahali ya tatu nilipopanda ni kwake. Nilizungusha mawe meupe ya kando ya maji, nikaweka mbegu katikati, juu zilitoka kwa baba yake. Nazo zimeoza.

Mujomba Kasonde amenunua kitambaa nitakachovaa siku ile. Ni buluu, iko na maua. Ni muzuri sana, njo kinachoniuma.

Mama Kabwe

*

Élisabethville, tarehe 15 mwezi wa saba 1951

Laurentine,

Hukukosea kupanda. Kosa ni yangu, mi nilituma ua mahali haiwezi kuishi. Nilimueleza Bwana Docteur, akakaa chini akanifundisha nusu ya siku, chai ikapoa. Kila kintu yenye uzima inajigeuza sawa mahali inakaa. Samaki ya matope inajigeuza, muti ya jangwa inajigeuza. Ile ua imekaa ku shaba siku mingi mpaka sumu imekuwa chakula yake. Ukiitoa pale, hata uimwagilie maziwa, inakufa. Udongo muzuri njo unaiua.

Nikarudi nyumbani, nikasema: Godefroid, umesikia? Ni weye yule. Nilifika huku nakohoa moshi ya fabrike, leo hewa safi ikinipita naumwa kichwa. Nimekwisha kugeuka. Siyo juu sitaki kurudi, bibi. Usiseme hivyo, wala Mujomba asiseme. Ni sayansi. Ua ya shaba ukiipanda Pweto, inageuka nyeusi pa shina. Umeona na macho yako.

Basi kama Mujomba Kasonde anataka kunyoa, anyoe. Kitambaa ya buluu ilikuwa inakupendeza siku zote. Sitakuja kufanya kelele. Kama kuna muntu muzuri kule, mwenye udongo wake, mi nitasema asante, nitamutumia hata koti.

Jumamosi nilinunua mpumbu mukavu mu soko, ya kwenu, niliijua ku moshi wake. Nikashindwa kuila. Nikailaza mu gazeti, nikafunga na mbao mbili. Symphorien akafungua asubuhi, akaniita: "Godefroid! Hii famille gani?" Nikasema: yangu.

Godefroid

*

Pweto, tarehe 24 mwezi wa nane 1951

Godefroid,

Barua yako niliisoma pa uchanja, nikaikunja, nikainama kuitia mu moto. Njo nikaiona.

Kati ya mawe ya jiko, chini ya samaki, ua ya zambarau. Moja, kisha mbili, kisha tatu, urefu wa kidole. Ni mbegu zile upepo ulichukua siku nilifungua bahasha yako. Tunazikanyaga tangu mwezi wa tano, tunazimwagia maji ya kusafishia samaki, hakuna aliyeziangalia. Zimesimama. Na pale hakuna shaba, hata ya pete. Ni udongo tu ule mama yangu aliwashia moto, na mama yake mbele yake, mpaka umekuwa mwekundu.

Barua sikuichoma. Nilikaa chini, nikawaza, kisha nikafanya hivi. Nilichimba udongo wa shamba ya muhogo, uleule ulioua mbegu zako. Nusu nilikaanga mu chungu sawa karanga, nakoroga, mpaka ukaacha kutoa moshi. Nusu nikauacha mbichi. Vyungu viwili, maji sawa, kivuli sawa. Nikafungua kitambaa, nikatoa zile mbegu kumi: tano huku, tano kule. Albertine alikuja kuomba makaa, akaona. "Mama Kabwe! Leo tunakula udongo?" Nikamuambia ni sayansi. Akasema: "Ile ya bwana yako ya kukalia?" Nikamuambia hapana, hii ni ya kusimama pa moto.

Leo siku kumi na nane. Mu udongo mbichi zote tano zimeoza. Mu udongo wa kukaanga zote tano ziko hai.

Basi ua yako haili shaba, Godefroid. Mu udongo wetu kuna kintu kidogo ambacho macho haioni, kinakula shina yake. Moto unakiua. Na shaba pengine inakiua vilevile. Njo maana ua inakaa kule. Haikwenda kwa kupenda. Ilikimbia.

Bwana wako anaweza kukosea, anakosea juu ya majani. Weye ulichukua kosa yake ukaivaa sawa koti. Sasa nakuuliza mara moja, na sitauliza tena: ulikimbia nini?

Ua moja nimekutumia mu gazeti. Niliikalia mimi mwenyewe.

Laurentine

*

Élisabethville, tarehe 12 mwezi wa kenda 1951

Laurentine,

Nianze na nyepesi, juu nzito inanishinda kuinua.

Nilimupa Bwana Docteur ua yako, nikamusomea vyungu viwili, neno kwa neno. Akainuka, akajaza udongo mu sahani, akaenda ku jiko ya Madame, akaitia mu furu ya kuokea pamoja na mukate. Madame akatoka na kijiko mukononi, akamuuliza kwa Kifaransa mambo ambayo siwezi kuandika, juu nimebatizwa. Mpaka leo mukate yao inalia mu meno. Kisha akaniuliza: "Huyu mwanamuke alisoma wapi?" Nikasema: pa moto ya samaki. Ameandika yote mu kitabu yake, nimeona na macho.

Ile ya Laurentina ni uongo. Ua iko na jina tangu zamani, mbele mi sijafika. Sikumuomba hata. Na mukono wa kuume ni Symphorien. Mi nabeba mbao.

Sasa ulizo yako.

Kabwe. Nimeandika. Ilinichukua siku ine.

Ulipanda mashua ya ziwa kwenda Kilwa kuuza samaki siku ya Jumatatu. Jumanne Kabwe hakuinuka pa mukeka, kichwa ilikuwa moto. Albertine akasema tumupeleke kwa bamasista, ku dispansere. Bantu walikuwa wamekaa pale, na mi mbele ya bantu unanijua. Nikasema: dispansere ya nini? Babu yangu alikuwa muganga, damu yake iko ndani yangu. Laurentine, babu yangu alikuwa anasuka bikapo. Niliingia kando ya njia nikachuma jani, ile nilikuta ya kwanza, nikachemusha, nikamunywesha. Kisha nikamuchekesha. Niliiga mbuzi, niliiga Mujomba Kasonde anasema Amina. Alicheka, mutoto yangu, meno yote inje. Nikawaambia: munaona? Mugonjwa hacheki. Jumatano nikamupa jani tena. Nikamuchekesha tena, lakini kidogo tu alicheka.

Alhamisi nilimubeba mbio. Sista alimulaza pa meza, akamugusa, akaniangalia. Akasema: "Jana, baba. Ungemuleta jana." Hakunigombeza. Ijumaa ulirudi.

Siku niliondoka nilichuma ile jani tena, nikaiweka mu kitabu ya sala. Nilikuja Élisabethville kutafuta muntu anayejua majina ya majani, hakuna kintu ingine nilitafuta. Mwezi wa kwanza ku kazi nikamuonyesha Bwana Docteur, nikamuuliza: hii inaua? Akaiangalia na kioo, akaandika jina yake, akasema: "Haiui. Haiponyeshi. Mbuzi wanakula." Nilitaka iwe sumu, Laurentine. Nilimuomba Mungu iwe sumu. Ingekuwa sumu, ningechukia jani. Lakini jani haikufanya kintu, ilikuwa maji ya moto tu. Siku mbili zile ni mimi.

Siku ya tisa uliniita ndani unipake mafuta ya kichwa mbele ya wembe, nikaona utaniuliza. Nikaenda zangu.

Mujomba anyoe. Hutasikia neno yangu.

Godefroid

*

Pweto, tarehe 1 mwezi wa kumi 1951

Baba Kabwe,

Nilijua. Albertine aliniambia palepale pa kaburi, shimo haijafunikwa. Karibu miaka tatu nimengoja uiseme weye, nawe unanitumia Kilatini.

Nilikuchukia. Kuna asubuhi nilikuwa napasua samaki nawaza uso wako. Sitakuficha hiyo.

Lakini kuna neno ambalo Albertine hajui, wala padri. Ile Jumatatu, mbele ya kupanda mashua, nilimugusa Kabwe ku kichwa. Ilikuwa moto. Nikajiambia ni jua, na jua ilikuwa haijatoka. Samaki zilikuwa zimefungwa, mashua ilipiga kengele, nikapanda. Sikukuamsha. Sikukuambia: muangalie. Weye ulikuta mutoto mugonjwa Jumanne. Mimi nilimuacha mugonjwa Jumatatu.

Uko na siku zako mbili, niko na asubuhi yangu. Nimeibeba peke yangu kiasi ninachoweza.

Mawingu imeanza kukaa ng'ambo, upande wa Waingereza. Mujomba anaangalia juu kila saa sawa muntu aliyepoteza kuku. Kuja. Siahidi kintu, ni mukeka tu.

Laurentine

*

Lukonzolwa, tarehe 21 mwezi wa kumi 1951

Laurentine,

Niko Lukonzolwa. Nimekaribia mpaka nasikia moshi wa samaki zenu, ao nafikiri nasikia. Bwana Docteur alinipa ruhusa, akanipa na mukono, mbele ya Madame.

Mashini ya mashua ilikufa Alhamisi. Fundi anasema Jumapili itapona, hakusema Jumapili ya mwaka gani. Bengine wamekwenda na miguu, siku mbili. Nilisema niko na kidonda. Jana mashua ndogo ya banunuzi ba samaki ilikuwa inaenda Pweto, mahali ya muntu moja ilikuwako, wakaniita. Nikasema nangojea muzigo. Laurentine, sina muzigo. Niko na shati mbili.

Leo inarudi tena kule, naipa hii barua. Mi mwenyewe nimekaa pa bandari. Fundi akigonga chuma naogopa, akiacha kugonga napumua. Nilichekesha baaskari, nilichekesha hata hakimu siku moja, lakini pale kwenye mawe meupe sijui nitafungua kinywa namna gani. Nitafanya muzaha, najijua. Ukiona nataka kuchekesha bantu pale, unipige mbele yao.

Huku jana ilinyesha. Matone tano, labda sita. Kule je?

Godefroid

*

Lukonzolwa, tarehe 22 mwezi wa kumi 1951

Godefroid,

Ku Pweto haijanyesha. Nilimuambia Mujomba Kasonde habari ya matone yako. Aliangalia juu, akasema mvua ya Lukonzolwa ni ya bantu ba Lukonzolwa.

Barua yako ilinifikia jana, jua halijashuka. Mwenye mashua ndogo alisema anarudi huku leo asubuhi kuchukua samaki, na mahali ya muntu moja iko. Nimepanda, naandika ndani ya mashua, njo mwandiko unaruka. Nitamupa yeye hii karatasi akuletee pale umekaa, juu nikianza na kinywa nitalia, nawe utaanza muzaha, na sisi wawili tutapoteza siku.

Mukeka ninao. Wembe ninao vilevile. Mujomba aliuweka mukononi mwangu mwenyewe, akasema desturi haikutaja mahali, ilitaja bantu wawili. Tukimaliza, tutaenda na miguu mpaka kwa Kabwe. Kidonda yako itapona njiani.

Usikunje karatasi. Geuka.

Laurentine